Kufufua Land Rover 110 huku unajenga nyumba: mwongozo kamili kwa mwenye kiwanja kimoja na mfuko mmoja

Ukisema unajenga na papo hapo unataka kuunda gari la porini, wengi watakuambia umalize nyumba kwanza. Wana hoja, kwa sababu mtaani yapo maboma yaliyoota majani na magari yaliyofumuliwa yakaishia kuwa makazi ya kuku. Lakini kazi hizi mbili zinaweza kwenda pamoja kwa mtu mwenye mpangilio, na kila moja ikaifaa mwenzake. Sharti ni moja: wakati wowote, kimoja tu ndicho kiwe wazi. Nyumba isiyo na bati na chesisi (fremu ya chuma inayobeba gari) isiyo na rangi visikutane kwenye msimu mmoja wa mvua. Karibu kila ushauri ulio hapa chini unatokana na sharti hilo.

Mfano nitakaoutumia ni Land Rover Defender 110 yenye injini ya 300Tdi, na nyumba ya familia inayojengwa upande wa Kisongo, nje ya Arusha. Nimechagua Arusha kwa sababu mji huu umelelewa na magari ya utalii. Mafundi wa kurefusha bodi, kukata paa na kutengeneza springi wapo, na spea mpya na za mtumba zinapatikana. Ukiwa Dodoma, Iringa au Voi utaratibu ni uleule, utabadilisha miezi tu.

Anza na kalenda ya mvua

Kabla ya kupanga pesa, panga miezi. Arusha masika ni Machi hadi Mei, na vuli huanza mwishoni mwa Oktoba ikaendelea hadi Desemba. Kwa hiyo msingi uchimbwe Juni, udongo ukishakauka. Julai na Agosti ni za kupandisha boma. Septemba na Oktoba ni za kufunga mkanda (zege lenye nondo linalozunguka juu ya kuta) na kupaua. Vuli ikifika, nyumba iwe na bati. Hapo ndipo gari linapoanza kufumuliwa, kwa sababu limepata mahali pa kulala.

Kiangazi cha Januari na Februari kinafaa kwa kazi za nje: lipu ya nje ya nyumba, na chesisi kusafishwa na kupigwa rangi. Masika yanapokuja, kazi zote zihamie ndani. Huko kuna nyaya za nyumba, nyaya za gari, injini na gia boksi. Juni inayofuata gari liwe barabarani.

Wengi wetu hatujengi kwa mwaka mmoja, tunajenga kwa miaka, kadiri mfuko unavyoruhusu. Hilo halina tatizo, utaratibu haubadiliki, unarefuka tu. Kitu cha kuepuka ni kusema "wacha nifumue gari sasa, bati nitanunua mwezi ujao." Mwezi ujao una ada ya shule na mgonjwa kijijini.

Mafungu mawili ya pesa

Nyumba inakula pesa kwa mafungu makubwa: msingi, mkanda, kupaua. Gari linakula kidogo kidogo, leo bushi, kesho beringi, Jumamosi fundi wa kuchomelea. Hatari iko hapo, kwa sababu vipande vidogo havionekani vikipita. Fungua akaunti ya kupaua ambayo haihusiani kabisa na gari, na isiguswe kwa spea hata kama umepata gia boksi kwa bei ya kutupa. Gari liwe na fungu lake la kila mwezi, likiisha kazi inasimama hadi mwezi mwingine. Kila ununuzi uandikwe kwenye daftari, na mwenza wako alione. Ndoa nyingi zimepata joto kwa sababu ya tairi zilizofika nyumbani kabla ya milango.

Kununua gari la kufufua

Ninapendekeza 110 kwa sababu tatu. Bodi yake imefungwa kwa bolti na ribiti juu ya chesisi, kwa hiyo inatoka kipande kwa kipande. Mabati yake mengi ni ya alumini, hayaozi kama chuma. Na injini ya 300Tdi, iliyoanza kufungwa kwenye Defender mwaka 1994, ni dizeli ya silinda nne, sentimita za ujazo 2,495, yenye pampu ya dizeli ya kawaida ambayo fundi wa mtaani anaielewa bila kompyuta. Land Cruiser ni gari imara na sina neno dhidi yake, ila bei ya kuipata hata ikiwa mbovu ingekujengea chumba.

Usidanganywe na alumini, chini yake kuna chuma. Lala chini ya gari na nyundo ndogo, gonga chesisi yote taratibu. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kufifia na ungaunga unadondoka. Sehemu za kutazama kwanza ni boriti ya nyuma ya chesisi pale panapofungwa ndoano ya kuvutia, mikono inayotoka pembeni kubeba bodi, na sakafu ya ukuta wa chuma uliopo kati ya injini na dereva, pale miguu inapokaa. Boriti ya nyuma inabadilishwa bila shida kubwa. Chesisi iliyooza katikati, karibu na inapokaa gia boksi, achana nayo.

Kisha karatasi. Namba ya chesisi imegongwa kwenye reli ya kulia ya chesisi, upande wa mbele, karibu na inapokaa springi. Ifute matope na uilinganishe na kadi ya gari, herufi kwa herufi. Linganisha na namba ya injini pia. Ukija kubadili injini au rangi, taarifa hizo zipelekwe TRA (Mamlaka ya Mapato) ili kadi ibadilishwe. Mwambie fundi wa kuchomelea mapema kwamba eneo lenye namba haliguswi na grainda kwa sababu yoyote ile. Namba ikifutika, una kipande cha chuma kisicho na jina, na kulieleza hilo polisi ni safari ndefu.

Gereji ijengwe kwanza

Nimekaa sana kwenye hatua hii kwa sababu ndiyo inayoamua kama mradi wote utafanikiwa. Wengi hujenga nyumba kubwa kisha wakaweka kibanda cha gari mwishoni. Geuza. Gereji iwe jengo la kwanza kusimama kiwanjani. Wakati wa ujenzi itakuwa stoo ya saruji na nondo na mahali pa mlinzi kulala, na nyumba ikipauliwa inakuwa karakana. Hakikisha tu imo kwenye ramani uliyoombea kibali cha ujenzi halmashauri.

Vipimo. Defender 110 ina urefu wa karibu mita 4.6, upana wa karibu mita 1.8 na kimo cha mita 2 na kidogo. Lakini gari linalofumuliwa linakuwa magari mawili, chesisi huku na bodi kule. Gereji ya mita 6 kwa 8 kwa ndani inatosha kuweka vyote na meza ya kazi. Mlango uwe na upana wa mita 3 na kimo cha mita 3, kwa sababu baadaye utaongeza keria juu ya paa na tairi kubwa. Juu ya uwazi mpana namna hiyo renta (boriti ya zege juu ya mlango) ya kawaida haitoshi, mhandisi akupe idadi na unene wa nondo.

Udongo. Angalia kama kiwanja chako kina udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Ukimwaga jamvi (sakafu ya zege) juu yake moja kwa moja, litapasuka. Udongo huo uondolewe hadi kwenye tabaka gumu, ujaze moramu kwa matabaka na kila tabaka lishindiliwe likiwa na unyevu. Kwa nyumba yenyewe, mhandisi aangalie shimo kabla msingi haujamwagwa. Pesa ya kumlipa ni ndogo mno ukilinganisha na ukuta uliopasuka kutoka dirishani hadi sakafuni.

Jamvi la chumba cha kulala huwa inchi 4. La gereji liwe inchi 6, yaani milimita 150, lenye wavu wa chuma, kwa mchanganyiko wa 1:2:4 wa saruji, mchanga na kokoto, na karatasi ya nailoni chini yake kuzuia unyevu. Zege halikauki kama tope, linakomaa kwa maji. Limwagiliwe asubuhi na jioni kwa siku 7 walau, lifunikwe kwa magunia yaliyolowa. Nguvu yake kamili inapimwa siku ya 28. Kabla ya hapo usiegeshe gari juu yake, na hata baada ya hapo, stendi za kubebea gari ziweke juu ya vipande vya mbao ngumu au sahani ya chuma, maana uzito wa gari zima unashuka kwenye vijiguu vinne vidogo.

Kisha kuna jambo la kuinua injini. Injini hii inazidi kilo 200, na nimeona watu wakifunga cheni bloku kwenye kenchi za paa. Kenchi zimepigiwa hesabu ya kubeba bati na upepo, hazikupigiwa hesabu ya kuning'iniza injini katikati. Weka boriti ya chuma inayolala juu ya nguzo mbili za zege zenye msingi wake, na iwekwe wakati wa kufunga mkanda, si baadaye. Gharama yake wakati huo ni ndogo, na itakufaa kuinua bodi, tanki la maji, hata mlango mzito wa geti.

Shimo la kukagulia gari chini linapendeza, ila kama maji ya mvua yanasimama kiwanjani kwako, usichimbe. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hujikusanya mashimoni, cheche moja ya grainda inatosha kuua mtu. Stendi nne nzuri zinafanya kazi ileile.

Kufumua

Kabla ya bolti ya kwanza kulegea, piga picha. Piga kila kiungio cha waya, kila bomba la maji na kila waya unapopita. Kila kundi la bolti liingie kwenye mfuko wake wenye karatasi iliyoandikwa kwa penseli, kwa sababu wino unafutika ukiguswa na dizeli. Andika mahali lilipotoka na lilikuwa linashika nini, mfano: "mlango wa kushoto mbele, bawaba ya juu, bolti mbili, washa mbili." Kopo moja lenye bolti zote ndilo linaloua miradi hii.

Vumbi la ujenzi ni adui halisi. Saruji iliyolowa inaila alumini, kwa hiyo bodi ya Land Rover isiegemezwe ukuta wenye lipu mbichi wala kuwekwa karibu na mahali pa kuchanganyia zege. Matundu yote ya injini, ya hewa, ya moshi na ya dizeli, yazibwe kwa kitambaa safi na kufungwa kwa nailoni. Na siku fundi wa grili anapokata vyuma vya madirisha, afanye kazi mbali na gari. Cheche za grainda zinatua kwenye kioo zikiwa moto na kuganda humo. Ukipitisha kidole unahisi vijipele vidogo, na havitoki. Kioo cha mbele kinakuwa na ukungu daima jua likikugonga usoni.

Chesisi na nondo

Kwenye kiwanja chako kuna vyuma viwili vyenye adui mmoja, kutu. Nondo inalindwa na zege linaloizunguka, kwa hiyo fundi ujenzi aweke vitofali vidogo vya kuinua nondo, isilale juu ya udongo. Chesisi inalindwa na rangi na njia za kutolea maji.

Sugua chesisi hadi chuma kitokeze. Sehemu iliyooza ikatwe hadi kwenye chuma kizima, kiraka kichomelewe chenye unene uleule. Kubandika bati jembamba juu ya kutu ni kuifunika iendelee kula. Kabla ya kuchomelea chochote kwenye gari, chomoa betri na altaneta, la sivyo utaunguza altaneta. Matundu ya chini ya chesisi yazibuliwe yote. Ipakwe praima ya kuzuia kutu siku hiyohiyo iliyosuguliwa, kisha rangi, kisha nta au mafuta mazito yanyunyizwe ndani ya reli. Sehemu alumini inapokutana na chuma panatokea unga mweupe, hizo metali mbili zikilowa pamoja zinalana. Weka mpira mwembamba katikati wakati wa kurudisha bodi.

Injini, gia boksi na transifa

Hapa nitaenda haraka, fundi mzuri anajua kazi yake. Badili mkanda wa taimingi na roli yake bila kujali muuzaji amekuambia nini, ukikatika unaharibu sehemu ya juu ya injini. Badili pampu ya maji pamoja na gasketi iliyo nyuma ya kasha lake, ni mahali panapojulikana kuvuja kwenye 300Tdi. Safisha rejeta.

Usipite haraka kwenye kiungio kati ya gia boksi na transifa, sanduku la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Meno ya shafti inayoingia kwenye transifa ya gari hili, iitwayo LT230, hukauka mafuta na kulika, gari linaanza kugonga unapoachia na kukanyaga mafuta. Kuna gia ya kuingizia iliyotobolewa ili mafuta yafike kwenye meno hayo, funga hiyo. LT230 inavuta magurudumu manne muda wote, ina loki ya difu ya katikati, inayolazimisha ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke pamoja, na gia nzito ya 3.32 kwa 1. Ni nguvu ya kutosha kukutoa kwenye mto bila kuongeza chochote.

Gari lisigeuzwe tipa

Likishatembea, kila mtu kiwanjani atataka lilete mchanga. Mifuko 20 ya saruji ni tani nzima, na uzito wote wa 110 pamoja na mzigo unaishia karibu na tani 3. Mchanga na kokoto vije na Fuso. Gari libebe mabomba, mbao chache, mafundi na vifaa vyao.

Kwa porini weka springi na shokapu zinazolingana na mzigo wako wa kila siku, si wa safari moja ya mwaka. Tairi za 235/85R16 ni nyembamba, ndefu na zinapatikana. Mkonga (bomba la kuvutia hewa ya injini kutoka juu) unafaa kwa vumbi la kufuatana kwenye msafara kuliko kwa maji, ila maungio yake yazibwe kweli. Winchi naipa umuhimu baada ya jeki nzuri, beleshi na kamba imara, kwa sababu hivyo vitatu vinatumika kila mara. Keria ya chuma iliyochomelewa mtaani inaweza kuwa nzito kuliko mzigo wenyewe, na uzito wa juu ndio unaolaza gari kwenye kona.

Umeme wa vyote viwili

Fundi umeme wa nyumba na wa gari ni watu wawili, usimpe mmoja kazi zote. Kwenye nyumba, mashine ya kuchomelea ipate laini yake kutoka kwenye ubao mkuu, na fimbo ya ethi izikwe mahali panapobaki na unyevu. Kwenye gari, kila waya mpya unaotoka kwenye betri uwe na fyuzi karibu na betri. Baada ya rangi mpya, kwaruza sehemu zote za kufungia waya wa ethi hadi chuma kionekane. Taa zinazowaka kwa unyonge kwenye Land Rover iliyofufuliwa, mara nyingi ni rangi iliyopo chini ya ile bolti.

Rangi, kisha barabara

Usipige rangi gari wiki ambayo ndani ya nyumba watu wanapiga msasa. Subiri vumbi liishe, mwagia sakafu maji, funga milango. Alumini inahitaji praima yake maalumu, rangi ikiwekwa moja kwa moja itabanduka kama ganda.

Safari za kwanza ziwe fupi, mjini na kurudi. Baada ya kilomita 500 kaza upya bolti zote za bodi, za magurudumu na za shafti. Kabla ya msimu wa mvua pita kwenye nyumba ukiwa na penseli, weka alama mwisho wa kila ufa na tarehe, uone kama unarefuka. Na baada ya kuvuka mto wa kwanza, lala chini ya gari, fungua bolti ya mafuta ya difu ya mbele na ya nyuma, uchovye kidole. Mafuta yenye rangi ya chai ya maziwa yameingiliwa na maji. Yamwage siku hiyohiyo, ubadili sili na bomba la kupumulia, ndipo uweke mapya.